Siku Saba Unguja Kutafuta Mahali pa Kufikia

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe

Ukoo wetu umeazimia kukutana mwishoni mwa Desemba, kuanzia tarehe 26 hadi mwaka mpya, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesema kwenye kikao kwamba safari hii tukutane pwani badala ya Morogoro kama miaka yote, kazi ya kutafuta mahali pa kufikia imeniangukia mimi. Tutakuwa watu kumi na mmoja: mama yetu mwenye miaka 74, ambaye magoti yake hayataki ngazi, sisi watoto wake watatu pamoja na wenzi wetu, na wajukuu wanne, ambao mdogo wao ana miaka minne na hajui kuogelea. Dada yangu anatoka Hamburg na mumewe Mjerumani, na sharti lake ni moja tu, kwamba bahari iwepo. Nilipomwambia kuwa bahari huwa ipo, alinikumbusha yaliyonipata miaka mitatu iliyopita.

Miaka mitatu iliyopita nililipia chumba kwa kutazama picha. Picha ilionyesha maji ya samawati yakigusa ngazi za ua, nasi tulipofika saa tano asubuhi tulikuta tope, majani na vidimbwi hadi upeo wa macho, huku bahari yenyewe ikinguruma mbali kwenye mwamba. Mwenye nyumba hakuwa amedanganya, kwa kuwa picha ile ilikuwa ya kweli kwa saa iliyopigwa. Ndiyo sababu mara hii nimetenga siku saba za mwanzo wa Oktoba, nikamwomba mke wangu tufuatane, tukapanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam.

Safari ya boti ni kama saa mbili. Tulipokaribia bandari nililitafuta kwa macho jengo la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na nikakumbuka kwamba sehemu yake kubwa iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulikuwa wa kwanza katika orodha yetu kwa sababu mama anapenda mahali penye watu, maduka na jambo la kutazama akiwa ameketi.

Nyumba tuliyolala ilikuwa nzuri kwa namna ambayo nyumba za mawe za zamani zinajua kuwa nzuri: kuta nene zinazozuia joto, mlango wa nakshi, kitanda cha nguzo na chandarua chake. Hata hivyo chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi zake zilisimama wima kama ngazi ya mnazi. Nilihesabu vidato 52. Mke wangu aliyekuwa nyuma yangu alisema kwamba mama angefika juu siku ya kwanza na kushuka siku ya kuondoka. Jioni tulikula urojo na mishkaki Forodhani, tukanywa juisi ya miwa, tukawatazama vijana wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, na tukakubaliana kwamba Mji unafaa kwa usiku mmoja tu, ule wa kuamkia boti, na kwa sharti la vyumba vya chini.

Kabla ya kulala tuliketi barazani kunywa kahawa. Mzee mmoja aliyesikia habari zetu aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: hizo siku zenu za Desemba ni tarehe ngapi za mwezi wa Kiislamu? Nilidhani anataka kujua kama tutaangukia Ramadhani. Alitikisa kichwa, akasema hakuwa anauliza habari za mfungo, alikuwa anauliza habari za maji.

Siku ya pili: Nungwi

Gari la Nungwi ni namba 116. Wenyeji huyaita magari haya magari ya shamba, maana kwa mtu wa Mji kila kilicho nje ya Mji ni shamba, hata kikiwa ufukweni. Umbali haufiki kilomita 60, lakini gari husimama kila palipo na mtu aliyeinua mkono, likapakia unga, ndizi na godoro, kwa hiyo ilituchukua karibu saa mbili kufika.

Tulifika karibu saa tano kasorobo, maji yakiwa yamepwa, na mwezi ulikuwa mpevu usiku huo. Nilishuka ufukweni nikiwa na wasiwasi wa miaka mitatu, nikakuta watu wanaogelea hatua chache tu kutoka mchanga mkavu. Sababu yake inaonekana kwa macho: upande wa magharibi wa rasi ya Nungwi ufuko unateremka haraka, kwa hiyo maji yanaposhuka hayana pa kukimbilia mbali. Upande wa mashariki wa rasi hiyohiyo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, hali ni nyingine. Mawe na vidimbwi vimetanda, na ndiko kulipo bwawa la Mnarani la kufugia kasa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba hoteli yake iko Nungwi bado hajakwambia kitu, mpaka aseme imetazama upande gani.

Nilichokipenda Nungwi si hoteli zake, ni mafundi wa majahazi. Wanafanya kazi palepale mchangani, mbavu za jahazi zikiwa zimesimama kama mifupa ya nyangumi, na mmoja wao alikuwa anatia kalafati, akishindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi na nyundo bila haraka yoyote. Watoto wangekaa pale nusu siku. Shida ni papasi, yaani wale vijana wanaomganda mgeni kama kupe, wakimwuzia safari ya kasa, safari ya pomboo, vikuku, na mwisho kabisa urafiki. Sisi tuliwajibu kwa Kiswahili wakatuacha upesi, lakini shemeji yangu asiyejua neno la Kiswahili atashinda akikimbizwa.

Alasiri tuliulizia bei. Hoteli nyingi zina bei mbili, moja ya wageni na nyingine ya wakaazi, na tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba familia kama yetu, yenye pasipoti za nchi mbili, inapaswa kuuliza mapema nani atahesabiwa wapi. Hoteli mbili zilitueleza pia kwamba wiki ya mwisho wa mwaka hawapokei mgeni kwa chini ya siku tano, na kwamba chakula cha mkesha wa mwaka mpya ni cha lazima na hulipiwa mbali. Nilipopiga hesabu ya watu kumi na mmoja, nilifunga daftari nikaenda kutazama jua likizama. Upande huu wa kisiwa jua huzama baharini, na hilo silo jambo dogo kwa watu waliotoka bara.

Siku ya tatu: kwa miguu hadi Kendwa

Kutoka Nungwi hadi Kendwa mtu anaweza kwenda kwa kufuata ufuko, lakini hawezi kwenda saa yoyote anayotaka, kwa sababu maji yakijaa hugonga miamba na kuifunga njia. Tuliondoka saa tatu na nusu, maji yakiendelea kupwa, tukafika baada ya dakika arobaini, na mlinzi wa hoteli ya kwanza akatuonya tuwe tumeshageuza njia ifikapo saa saba.

Nikiri kwamba ufuko wa Kendwa ni mzuri kuliko wote tuliouona katika safari hii. Mchanga ni mpana na mweupe, maji yako palepale wakati wote, hakuna mawe wala majani, na mtoto anaweza kutembea hatua nyingi kabla maji hayajamfika kifuani. Kama sharti la dada yangu lingekuwa ndilo sharti pekee, safari yetu ingeishia hapa, na tungerudi nyumbani siku nne mapema.

Lakini usiku wa Kendwa hauko kama mchana wake. Kuna sherehe ya muziki inayofanyika ufukweni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, inayovuta vijana kutoka kisiwa kizima, na hata usiku usio na sherehe muziki unasikika kutoka baa moja hadi nyingine. Mama hulala mara tu baada ya rozari. Mke wangu alikumbusha jambo jingine, kwamba hapa hakuna kijiji: hakuna genge la kununua nyanya, hakuna duka la vocha, hakuna bibi wa kusalimiana naye asubuhi. Hoteli imepakana na hoteli. Mama angebaki kitini akiuliza wenyeji wako wapi.

Tulirudi Nungwi saa sita na nusu, na kwenye kona ya mwisho tulishika viatu mkononi.

Siku ya nne: Matemwe

Kutoka Nungwi kwenda Matemwe hakuna gari la moja kwa moja. Tulishuka Kinyasini, tukangoja lile la namba 118, tukaingia pwani ya mashariki. Hoteli kubwa za Kiwengwa, zile ambazo chakula na vinywaji vyote vimo ndani ya bei, sikuzitembelea. Watoto wetu wangekaa wiki nzima ndani ya ukuta, na mchuuzi tuliyekuwa naye garini alituambia kwamba huko Kiitaliano kinamsaidia zaidi kuliko Kiingereza.

Matemwe ilinirudisha kwenye ile picha ya miaka mitatu iliyopita. Tulipofika ufukweni, saa tano na nusu, bahari ilikuwa imekwenda. Mwamba ulionekana kama uzi mweupe wa povu mbali mashariki, kisiwa cha Mnemba kimekaa nyuma yake, na katikati ya mwamba na ufuko palikuwa na uwanja wa mchanga, majani na maji yasiyofika magotini. Safari hii sikununa. Uwanja ule ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wanatembea wameinama, kila mmoja na mchokoo wake, wakichokoa pweza kwenye mashimo ya mawe. Watoto walikuwa na ndoo. Ngalawa zilikuwa zimelala ubavu zikingoja maji. Mke wangu alikunja khanga akaingia pamoja nao, na akarudi baada ya saa moja akiwa hana pweza lakini ana marafiki wawili.

Nahodha mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akishona wavu alinieleza mambo mawili ambayo hakuna tangazo la hoteli lingeniambia. La kwanza ni kwamba boti za kwenda kuzamia Mnemba hufuata maji, si saa ya mgeni, na kwamba eneo lile ni la hifadhi lenye ada yake, wakati kisiwa chenyewe ni cha hoteli moja na mtu hashuki hivihivi. La pili ni la upepo. Sisi tulikuwa tunaitazama pwani mwishoni mwa kusi, ukiwa umeshalegea, lakini Desemba upepo utakuwa umegeuka kuwa kaskazi, nao utaipiga pwani hii kutoka upande wa kaskazini-mashariki. Ufuko uliotulia leo unaweza kuwa na mawimbi siku hizo. Mwenye kwenda kukagua mahali Oktoba, alisema, anakagua Oktoba.

Vyumba vya Matemwe tulivyovimudu vilikuwa vizuri, vya chini, vyenye kivuli cha minazi. Kilichotutia shaka ni kujitenga kwake. Kijiji ni kirefu, hoteli zimetawanyika, na usafiri wa jioni ni wa kukodi. Kwa vijana wawili walio fungate pangefaa sana.

Siku ya tano: kurudi Mji, kisha Paje

Siku hii iliishia njiani. Ili kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-mashariki kwa magari ya abiria ilitubidi kurudi Mji, kula wali na mchuzi wa changu, kisha kupanda namba 309. Jambo la kukumbuka njiani ni msitu wa Jozani, ambapo gari lilipunguza mwendo kwa ajili ya kima punju waliokuwa wanavuka barabara bila wasiwasi wowote. Kima hawa hawapatikani porini popote duniani ila katika visiwa hivi, na niliweka alama kwenye daftari kwamba watoto waletwe.

Tulifika Paje saa kumi, maji yakija, na pamoja nayo zikaja tiara. Mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara ndio ulioipa Paje jina: ziwa la ndani ya mwamba ni pana, halina kina, na upepo wake hauyumbi, kwa hiyo wachezaji hujaa wakati wa kusi na tena wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba. Nilisimama nikazihesabu hadi arobaini, nikaacha. Zilikuwa nzuri angani kama ndege wa rangi zote.

Nikiwa nimesimama pale nikaona kasoro ambayo kwenye picha isingeonekana. Mchezaji wa tiara anahitaji maji, na muogaji anahitaji maji, nao wote wawili wanayapata saa zilezile. Maji yakipwa ufuko ni mtupu na salama lakini hauogeleki. Yakijaa unaogeleka, lakini juu ya kichwa cha mtoto zinapita kamba zilizokazwa na upepo. Katikati ya Paje, mbele ya vituo vya tiara, sikuweza kumwazia mpwa wangu wa miaka minne akioga. Pembeni mwa kijiji pametulia zaidi, na kwa mtu anayetaka maduka, migahawa na vijana wenzake, Paje ina kila kitu.

Siku ya sita: Jambiani

Jambiani iko kusini ya Paje, kijiji kirefu kilichonyooka sambamba na ufuko, nyumba za wenyeji na za wageni zikiwa zimechanganyika bila ukuta mrefu katikati. Asubuhi tulipita katikati ya kijiji tukisalimia kila mlango, na mke wangu aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hapa mama atapona magoti.

Saa sita na nusu maji yalikuwa karibu kufika mwisho wa kupwa, tukatoka na viatu vya mpira kwenda kwenye mashamba ya mwani. Ukiwa ufukweni unaona safu za vijiti tu, kama mtu aliyepanda kitu akasahau kilichoota. Ukifika karibu unaona kamba zilizofungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kila kamba mafungu ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, hapa Jambiani na jirani yake Paje, na tangu mwanzo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi majini hadi kiunoni akifunga mbegu alitukaribisha.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Msikanyage kamba.”

Alituambia kwamba zamani walipanda aina mbili, ile wanayoiita spinosamu na ile ya kotonii yenye bei kubwa zaidi, lakini kotonii imewashinda katika maji haya ya kina kifupi kwa kuwa bahari imekuwa ya moto, na inaoza kabla ya kuvunwa. Nilimwuliza kama huja shambani kila siku. Alicheka. Shambani huja siku za bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, maji yanapopwa mpaka shamba likabaki wazi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu; maji hayajai sana wala hayapwi sana, shamba linabaki chini ya maji, nao hukaa nyumbani wakasuka ukili, wakafua, wakaenda harusini. Ile ilikuwa siku yao ya mwisho kabla ya maji mafu.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la yule mzee wa kahawa. Siku ambazo bibi huyu hawezi kwenda shambani ndizo siku ambazo mgeni anaweza kuogelea. Nilitoa daftari nikiwa nimesimama majini, nikahesabu. Mwezi tuliouona mpevu Nungwi tarehe 7 Oktoba utarudi mpevu mwanzoni mwa Novemba, tena mwanzoni mwa Desemba, tena karibu tarehe 3 Januari, kwa kuwa mzunguko wake ni siku 29 na nusu. Kwa hiyo tarehe 27 Desemba, siku ya pili ya mkutano wetu, mwezi utakuwa nusu. Tutafika katika maji mafu.

Kuna jambo la pili ambalo bibi alilisema kama kitu ambacho kila mtoto anakijua. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa sita hivi mchana, ndiyo maana wanashinda shambani, na hujaa alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa kabla ya adhuhuri na kupwa alasiri. Mgeni aliyefika siku za mwezi mpevu akaamka, akanywa chai, akatoka na taulo saa nne, atakuta bahari imeondoka, na atarudi kwao akisema pwani ya mashariki haina maji. Yule mtu ni mimi wa miaka mitatu iliyopita. Sisi, kwa bahati ya kalenda, tutakuwa na maji asubuhi siku tatu nne za mwanzo. Tarehe 30 na 31 yatakuwa yameanza kukua, yatakuwa yamepwa asubuhi na kujaa mchana hadi alasiri, na siku hizo asubuhi watoto watakwenda na bibi kutazama mwani.

Nyumba tuliipata mchana huohuo. Ni ya mama mmoja wa kijijini anayeipangisha nzima: vyumba vitano vyote vya chini, baraza pana lililotazama bahari, jiko, na jirani anayekuja kupika kwa malipo ya siku. Kutoka barazani hadi mchangani ni vidato viwili. Nilimwuliza maswali niliyokuwa nimejifunza kuyauliza. Maji ya bombani ni maji baridi au ya chumvi? Ya kuogea yana chumvi kidogo, ya kupikia huletwa na gari. Umeme ukikatika? Tangu waya mpya upite chini ya bahari kutoka bara mwaka 2013 haukatiki kama zamani, lakini feni zina betri. Hospitali? Iko Makunduchi, si mbali kwa gari. Mnaruhusu wageni kuvaa nguo za kuogelea? Ufukweni ndiyo, kijijini wajifunge khanga, na alitamka hilo la mwisho bila kuomba radhi, jambo ambalo lilinipendeza.

Bei yake kwa usiku mmoja, kwa watu kumi na mmoja, ilikuwa chini ya vyumba vitatu vya Nungwi.

Siku ya saba: Jambiani asubuhi, Kizimkazi, na malipo

Tuliamka alfajiri kulijaribu neno la bibi. Saa mbili asubuhi bahari ilikuwa imejaa mpaka karibu na ngazi za baraza, imetulia, na mke wangu, ambaye haogelei, alikaa ndani yake hadi shingoni kwa muda mrefu akiwa ameshika kofia. Niliipiga picha.

Kwa kuwa tulikuwa tumejiahidi kutoamua kabla ya kuona kusini, tulikodi bodaboda mbili hadi Kizimkazi kupitia Makunduchi. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na kusimama mbele ya kibla chake kulitosha kuilipia safari. Ghuba yake ina maji ya kutosha na haina mawimbi. Lakini asubuhi ilikuwa ya boti za pomboo, na niliona boti saba zikiwazunguka pomboo wachache, wageni wakijitupa majini kila wanapoibuka. Dada yangu angetaka kuwaona. Mimi nisingependa watoto wajifunze kuwaona kwa namna ile. Nyumba ya kututosha sote hatukuipata.

Mchana nilimpigia simu dada. Alikuwa ameshatazama picha za Kendwa, na alikuwa na hoja. Nilimsomea saa za maji siku kwa siku kutoka daftarini, yeye akiandika upande wa pili, na alipofika tarehe 31 alinyamaza.

“Kwa hiyo tarehe 31 asubuhi hakuna bahari?”

“Ipo kwenye mwamba, dada. Itarudi mchana.”

Tukapatana hivi: siku sita Jambiani, na katikati siku moja ya kukodi gari kwenda Kendwa tangu asubuhi hadi jua lizame. Nilimkumbusha pia kwamba mumewe na watoto, kwa pasipoti zao, watalipia ile bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44 kwa mgeni mtu mzima, na kwamba ni vizuri walipe kabla ya kupanda ndege. Kisha nikampigia mama. Sikumweleza habari za mwezi wala za mwani, wala yeye hakuuliza habari za bahari.

“Ngazi ni ngapi?”

“Mbili, mama.”

“Basi.”

Mwenye nyumba alinipa stakabadhi iliyoandikwa kwa mkono, yenye tarehe, idadi ya watu na nusu ya fedha, nami nikamwomba aongeze kwa maneno kwamba vyumba vyote ni vya chini. Gari la 309 lilikuwa linapita saa nane. Tulipokuwa tunalingoja, maji yalikuwa yamepwa. Si kama Matemwe siku ya nne, lakini ngalawa zilikuwa zimekaa juu ya mchanga. Nilipiga picha ya pili nikiwa nimesimama palepale niliposimama asubuhi, nikamtumia dada zote mbili, nikitanguliza ile isiyo na maji.